Jina adimu la Yorkshire na mwanamume kutoka Afrika Magharibi

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walikuwa wakichunguza swali linaloonekana jepesi: wanaume wawili wasiojuana, wanaotumia jina moja la ukoo, je, ni wa babu mmoja? Wakawa wanakusanya sampuli za DNA za wanaume Waingereza wenye majina mbalimbali. Miongoni mwao alikuwemo Mzungu mmoja mwenye jina adimu la mashariki mwa Yorkshire, Mwingereza ambaye hakuwa na habari ya babu yeyote aliyetoka Afrika. Majibu ya maabara yakaonyesha kwamba kromosomu yake Y, ile sehemu ya DNA ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume, ni ya kundi linaloitwa A1. Wataalamu walilijua kundi hilo kuwa la Afrika pekee, na hakuna aliyewahi kuripotiwa kuwa nalo Uingereza wala kwingineko Ulaya Magharibi. Ilipolinganishwa na sampuli za Waafrika, ikaelekea Afrika Magharibi.

Kisa hiki kilichapishwa mwaka 2007 katika jarida la European Journal of Human Genetics, na timu iliyokuwa na Turi King na Mark Jobling. Tangu hapo kimesimuliwa mara nyingi kama kioja: Mzungu mwenye asili ya Afrika asiyejijua. Mimi naona uzito wake uko kwenye jina. Mtu yule angekuwa anaitwa Smith, jina lenye watu zaidi ya nusu milioni Uingereza, habari ingeishia maabara: mtu mmoja, kromosomu moja ya ajabu, na hakuna pa kuanzia kutafuta. Kwa kuwa jina lake ni la watu wachache, na asili yake inajulikana ni pembe moja ya nchi, watafiti waliweza kuwafuata wenye jina mmoja mmoja.

Jina lenyewe halikuandikwa katika ripoti ile. Msomaji anaweza kuona huo ni usiri wa kupindukia. Lakini ukisema kwamba mtu fulani aitwaye Smith ana kromosomu hii, hujamtaja mtu yeyote. Ukitaja jina la watu wachache, umeshawaonyesha kwa kidole wote, pamoja na binamu zao ambao hawakutoa hata tone la mate kwa ajili ya utafiti. Nami sitalitaja.

Jinsi jina linavyobaki na watu wachache

Kabla ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066, Waingereza hawakuwa na desturi ya majina ya ukoo ya kurithiwa. Mabwana wenye ardhi ndio walioanza, watu wa kawaida wakafuata polepole, na sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imeshazoea kati ya mwaka 1200 na 1400. Kaskazini, Yorkshire ikiwemo, walichelewa kidogo. Majina yalitoka mahali mtu alikotoka, kazi yake, jina la baba yake, au jina la utani alilopachikwa na majirani. Attenborough ni kijiji cha Nottinghamshire. Barber ni kinyozi, Johnson ni mwana wa John, na Armstrong ni mtu mwenye mkono wenye nguvu.

Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo Smith lilizaliwa mara nyingi mno, mahali tofauti, kwa watu wasiohusiana. Jina la kijiji kidogo lingeweza kuanza na mtu mmoja tu aliyehama na kuitwa kwa alikotoka. Hiyo ni sababu ya kwanza ya uadimu, na ndiyo ambayo watu huikumbuka.

Sababu ya pili ni bahati tupu. Katika miaka ya 1870, mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alitaka kujua kwa nini koo za watu mashuhuri zilikuwa zikizimika. Wengi walidhani ustaarabu unapunguza uzazi. Galton akauliza kihesabu: ikiwa kila mwanamume ana uwezekano fulani wa kutokuwa na mtoto wa kiume, au kuwa na mmoja, wawili, watatu, majina mangapi yatatoweka baada ya vizazi kadhaa? Mchungaji Henry William Watson, mwanahisabati, ndiye aliyekokotoa. Alikosea pale alipohitimisha kwamba kila jina mwishowe litazimika; hesabu yake hiyo hiyo, ikifanywa kwa ukamilifu, inaonyesha kwamba idadi ya watu ikiongezeka baadhi ya majina hupona. Ila kiini kilisimama. Majina mengi hufa bila sababu yoyote kubwa: baba alipata mabinti watupu, au kijana wa pekee alikufa vitani. Hakuna laana wala upungufu wa damu.

Kwa hiyo anayekutana na jina adimu leo ana uwezekano mbili mbele yake, ambazo kwa nje zinafanana. Huenda jina lilianza na mtu mmoja na halikuwahi kuwa kubwa. Au lilianza na watu kadhaa, matawi yakakatika moja baada ya jingine, likabaki tawi lililobahatika kuzaa wavulana. Kamusi ya majina haiwezi kuamua kati ya hayo mawili, maana inachoeleza ni neno limetoka wapi.

Mfano mzuri ni jina jingine la Yorkshire, Sykes, ambalo si adimu sana. Linatokana na neno la kale la kijito au mfereji wa mpakani. Vijito viko kila bonde, hivyo maandishi yalitabiri kwamba jina lilianza kwa watu wengi. Mwaka 2000 Bryan Sykes, mwanajenetiki wa Oxford mwenye jina hilo hilo, alichapisha vipimo vya wanaume wanaoitwa Sykes: karibu nusu yao walikuwa na aina moja ya kromosomu Y, ambayo haikuonekana kwa majirani zao wenye majina mengine. Ikaelekea kwamba waanzilishi wengine wote, kama walikuwepo, walizimika, akabaki mmoja. Nusu iliyobaki iliweza kuelezwa kwa watoto ambao, katika muda wa miaka 700, walichukua jina bila kuchukua damu ya baba mwenye jina. Makadirio yalikuwa takriban asilimia 1.3 kwa kila kizazi.

Kromosomu inayofuata jina

Uingereza jina la ukoo hutoka kwa baba kwenda kwa watoto. Kromosomu Y nayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, karibu bila mabadiliko, na haichanganyiki na ya mama kwa sababu mama hana. Kwa hiyo jina na Y vinapaswa kusafiri pamoja, na pale vinapoachana kuna jambo lililotokea kwenye familia. Mwaka 2006 kundi la Leicester lilichapisha ulinganisho wa jozi 150 za wanaume waliochaguliwa bila mpangilio, kila jozi ikiwa na jina moja la ukoo. Kadiri jina lilivyokuwa adimu, ndivyo uwezekano wa wawili hao kuwa na Y inayofanana ulivyopanda. Kwa majina makubwa kama Smith, jina halikusaidia kitu.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa Yorkshire. Watafiti walitafuta wanaume wengine wenye jina lake, wakapima 18. Saba kati yao walikutwa na kromosomu ya A1.

Namba hiyo inahitaji kusomwa taratibu. Saba ni wengi mno kwa kitu ambacho hakikuwahi kuonekana Uingereza nzima. Mgeni yule, basi, hakuingia juzi kwa baba au babu wa mtu mmoja. Aliingia zamani kiasi cha kuacha uzao uliotawanyika. Lakini saba si kumi na wanane. Wenzao kumi na mmoja wana jina lile lile na hawana kromosomu ile. Aidha jina lina zaidi ya chimbuko moja, au Y ya Afrika iliingia kwenye ukoo uliokuwa umeshaanza, ikakaa katika tawi moja tu.

Hapo ndipo karatasi zilipochukua kazi. Uingereza ina utajiri wa kumbukumbu ambao watafiti wa nasaba wa nchi nyingi wanauonea wivu. Tangu mwaka 1538 parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Tangu 1837 serikali ikaanza kusajili vizazi, ndoa na vifo. Sensa ya 1841 ndiyo ya kwanza ya taifa kuhifadhi majina ya watu wa kila nyumba kwa utaratibu. Ukiwa na jina adimu, ukikuta jina hilo kwenye daftari la parokia ya jirani katika mwaka unaokaribiana, una haki ya kushuku kwamba ni jamaa. Mwenye jina la Smith hana haki hiyo.

Wanaume wale saba wakaangukia kwenye nasaba mbili. Kila moja ilifika kwa babu aliyeishi Yorkshire miaka ya mwisho ya karne ya 18. Baina ya mababu hao wawili karatasi hazikutoa kiungo, na hapo mtafiti wa kawaida wa nasaba angesimama. Maabara ikaendelea. Kwenye kromosomu Y kuna sehemu ambapo vipande vifupi vya herufi za DNA hujirudia, mara kumi na mbili kwa mtu mmoja, kumi na tatu kwa mwingine. Idadi hiyo hubadilika mara chache kadiri vizazi vinavyopita. Ukipima sehemu nyingi na kuhesabu tofauti, unapata makisio ya umbali wa babu wa pamoja. Walipima sehemu 77. Matokeo yakakubaliana na nasaba hizo mbili kukutana vizazi vichache tu nyuma ya pale karatasi zilipokomea.

Binafsi sehemu hii ndiyo inayonivutia kuliko habari ya Afrika. Ni nadra kuona daftari la kanisa na mashine ya maabara vikipokezana kazi kwa usafi namna hii, kila kimoja kikianzia pale mwenzake alipochoka.

Mlango gani?

Kwa namna gani kromosomu ya Afrika Magharibi ikapata jina la mashariki mwa Yorkshire? Njia ya kwanza ni mwanamume Mwafrika mwenyewe kulichukua jina. Jambo hili lilikuwa la kawaida. Waafrika walioletwa Uingereza karne ya 17 na 18, wengi wakiwa watumwa au watumishi, walibatizwa kwa majina ya Kiingereza, mara nyingine kwa hiari ya bwana kuliko ya mbatizwa.

Francis Barber anaonyesha jinsi ilivyokuwa. Alizaliwa utumwani Jamaica akiitwa Quashey, akaletwa Uingereza mwaka 1750 na mwenye shamba aliyeitwa Bathurst, akasomeshwa kwa muda huko Barton, Yorkshire, kisha akawa mtumishi wa Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri. Alimwoa Mwingereza Mzungu, Elizabeth Ball. Johnson alipofariki mwaka 1784 alimwachia sehemu kubwa ya mali yake, na Barber akaenda kuishi Lichfield. Uzao wake upo Uingereza hadi leo. Anayefungua kamusi ya majina kumtafuta mtu huyu atakuta neno "kinyozi", na hapo atakuwa hajajua lolote kuhusu Quashey wa Jamaica.

Njia ya pili ni mama. Sheria ya Kiingereza ya zama hizo ilimhesabu mtoto wa nje ya ndoa kuwa hana baba, na kwa desturi alikuwa akitumia jina la mama yake. Msichana wa ukoo wetu akizaa na mtumishi Mwafrika bila ndoa, mtoto wa kiume anabeba jina la babu mzaa mama na Y ya baba. Marekani kuna kisa cha namna hiyo kinachojulikana sana: Eston Hemings, mtoto wa Sally Hemings aliyekuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa nchi hiyo, alikulia jina la mama. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1998 vilionyesha kuwa uzao wake wa kiume una Y ya ukoo wa Jefferson. Eston mwenyewe, alipohamia Wisconsin mwaka 1852, alibadili jina akajiita Jefferson, miaka 146 kabla ya maabara kusema neno.

Njia ya tatu ni ile ambayo wazee wetu waliifungia mjadala kwa kusema kitanda hakizai haramu. Mwanamke aliyeolewa anazaa, mume analea, jina linaandikwa, na hakuna anayeuliza. Kwa mtoto wa baba Mwafrika mwenyewe swali lingekuwa gumu kuepuka. Ila baada ya vizazi viwili vitatu rangi imeshafifia, na mwanamume anayeingiza Y hiyo kwenye ukoo mwingine anaweza kuwa mtu wa kawaida wa Yorkshire, mweupe kama wenzake, asiyejua alichobeba. Huu ndio uwezekano unaosahaulika: Mwafrika halisi na jina hili huenda hawakukutana kabisa. Jina la ukoo alilotumia kwanza huko Uingereza laweza kuwa jingine, lililokwishazimika kwa hesabu ile ile ya Galton.

Kuhusu wakati, nafasi ni pana. Maliki wa Kirumi Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia York mwaka 211. Kikosi cha jeshi la Kirumi cha Wamoori, watu wa Afrika ya Kaskazini, kiliwekwa Burgh by Sands, kwenye ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, katika karne ya tatu. John Blanke, mpiga tarumbeta Mwafrika, amechorwa katika picha ya mashindano ya mwaka 1511 ya Mfalme Henry VIII. Halafu biashara ya utumwa ikapanuka, na katika kesi ya mwaka 1772 kuhusu uhuru wa mtumwa James Somerset, mahakamani ilitajwa idadi ya watu weusi 14,000 hadi 15,000 nchini Uingereza.

Vipimo 77 vinaeleza babu wa pamoja wa nasaba mbili aliishi lini. Havielezi Mwafrika aliingia lini. Baina ya hao wawili panaweza kuwa na kizazi kimoja au hamsini. Mimi naegemea karne ya 17 au 18, kwa sababu moja tu: huo ndio wakati Waafrika wa magharibi, na si wa kaskazini, walipoletwa kwa wingi. Askari na maofisa wa Kirumi tunaowajua walitoka zaidi Afrika ya Kaskazini. Hata hivyo hakuna kinachozuia kwamba alipitia nchi nyingine ya Ulaya kwanza.

Kiasi gani cha Afrika?

Wengi husoma kisa hiki wakadhani wale wanaume "kumbe ni Waafrika". Hesabu ya nasaba haikubali. Tukichukua vizazi vinane, kila mtu ana mababu na mabibi 256 wa ngazi hiyo. Kromosomu Y inatoka kwa mmoja wao tu. Hao wengine 255 wangeweza kuwa wakulima na wavuvi wa Yorkshire watupu, na Y ingebaki ile ile, kwa kuwa haichanganyiki. Sehemu nyingine za DNA ya Mwafrika yule zingekuwa zimegawanywa kwa nusu kila kizazi, hadi kufikia wastani wa chini ya nusu ya asilimia moja. Ndiyo maana sura haikusema kitu, wala hadithi za familia.

Upande wa pili nao umetiwa chumvi. Wapo waliosema kwamba, basi, jambo hili halina maana kwa kuwa ni chembe tu. Chembe hiyo ilitosha kuthibitisha kitu ambacho nyaraka zilikuwa zikikisema tangu Warumi bila kuonekana katika damu ya Waingereza wa leo: Waafrika walifika, na angalau mmoja aliacha uzao unaohesabiwa kuwa wa wenyeji. Ripoti ya 2007 ilikuwa ushahidi wa kwanza wa kijenetiki wa jambo hilo. Na hakuna sababu ya kudhani alikuwa peke yake. Wanawake hawapitishi Y, na wanaume waliopata mabinti tu hawaonekani kwa kipimo hiki, hata kama uzao wao leo umejaa miji ya Uingereza.

Wakati ule A1 ilikuwa katika tawi lililohesabiwa kuwa la kale kuliko yote ya mti wa nasaba wa kromosomu Y. Mwaka 2013 likachapishwa tawi la kale zaidi, A00, lililogunduliwa kwa ukoo wa Mmarekani Mweusi wa South Carolina na kisha kuonekana kwa Wambo wa Kameruni. Hilo nalo lilianza kwa mtu wa kawaida aliyetaka kujua asili ya ukoo wake.

Limebaki jambo la polisi. Katika utafiti wao wa 2006 wanasayansi wa Leicester walipendekeza kwamba, kwa majina yasiyo ya kawaida, Y iliyoachwa mahali pa uhalifu inaweza kusaidia kukisia jina la ukoo la mhusika. Tuseme mmoja wa wale saba ameacha jasho lake kwenye kitasa cha mlango. Mtaalamu atakayesoma asili ya Y hiyo ataandika kwamba atafutwe mwanamume wa Afrika Magharibi, na askari watapita mitaani wakiwasimamisha watu weusi. Mtaalamu mwenye orodha ya majina ataandika jina moja adimu la mashariki mwa Yorkshire, na askari watagonga mlango wa Mzungu.